Zawadi Ipite Mkononi mwa Mama

Anayetaka kujua Krismasi ya Morogoro ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na aanze na kitambaa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, fedha za kigeni zimekauka, na rafu za maduka zilikuwa tupu. Sukari, sabuni, nguo, vyote vilipatikana kwa kibali, kwa foleni au kwa magendo. Watu walipanga mawe usiku mbele ya duka la ushirika, kila jiwe na mwenyewe, ili kukicha wasipoteze nafasi. Mtoto aliyevaa gauni jipya siku ya sikukuu alikuwa na mzazi anayejuana na watu, au mzazi mwenye subira ya ajabu.

Mama yangu alikuwa na cherehani, na hiyo cherehani ndiyo iliyomwingiza katika kazi ya zawadi za Krismasi hadi uzeeni. Jumuiya ndogondogo za Kikristo zilikuwa bado changa wakati huo. Maaskofu wa ukanda wetu, katika mikutano yao ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, walikuwa wameazimia kwamba Kanisa lijengwe kuanzia nyumba chache jirani zinazosali pamoja. Kwetu Mji Mpya jumuiya ilikaribiana kwa ukubwa na eneo la balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo waliosali pamoja ndio hao hao waliopanga foleni pamoja, na kila mmoja alijua chungu cha mwenzake kina nini. Nguvu ya kazi ilitoka kwa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanza mwaka 1972. Wanaume walichangia, mapadre walitangaza, lakini waliobeba vikapu kichwani walikuwa akina mama.

Kazi ilianza Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kapu la ukili liliwekwa karibu na altare, na kila aliyekuja misa alitia alichojaliwa: kibaba cha mchele, maharage, nusu mche wa sabuni. Sisi watoto wa Utoto Mtakatifu tulipita mbele na yai moja moja mkononi, tunatembea polepole tusije tukalivunja. Shirika letu hilo lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson ili watoto wasaidie watoto wenzao, na katekista alitufundisha hivyo bila kuchoka: yai lako linakwenda kwa mtoto kama wewe. Kitambaa chenyewe kiliombwa. Paroko aliandika barua, mama na mwenyekiti wa jumuiya wakaipeleka RTC, kampuni ya biashara ya mkoa iliyokuwa ikigawa bidhaa, na mwaka ukiwa mwema lilitoka jora moja.

Mama alilitandaza juu ya mkeka sebuleni, akapiga mistari kwa kipande cha sabuni, akakata usiku kwa taa ya chemli. Wasichana magauni yenye mkanda nyuma, wavulana mashati na kaptura. Hakuachia hata upana wa kidole upotee. Vipande vya pembeni viligeuka mifuko na kola, na vilivyo vidogo zaidi alivisokotea mwanasesere mmoja mmoja kwa vile vitoto visivyoweza bado kutembea. Nilikuwa namshikia taa, na hadi leo harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na ya kitambaa kipya hunirudisha kwenye Majilio.

Zawadi ziligawiwa tarehe 26, uwanjani kwa kanisa, baada ya misa. Kulikuwa na sababu. Tarehe 25 akina mama wenyewe walikuwa na nyumba zao, wali wa kupika na wageni wa kukaribisha, kwa hiyo kazi ya kugawa ikasubiri siku ya pili, ambayo nayo ni mapumziko. Watoto walipangwa kwa urefu, majina yakasomwa kwa sauti kutoka kwenye daftari, mtoto akatoka mbele, akapokea, akapiga goti, watu wakapiga makofi. Waliopiga makofi walifanya hivyo kwa upendo. Nasema hivyo kwa sababu nawajua, na wengi wao wamelala makaburini sasa, na sitaki mtu adhani walikuwa wakijionyesha.

Ila mama mmoja wa mtaa wa pili, mjane, alikuja nyumbani kwetu wiki moja baadaye. Alikaa mkekani, akashukuru, akanywa maji, akashukuru tena. Kisha akasema: "Dada, usinichukie. Mwanangu hataki kulivaa lile gauni. Anasema ukilivaa kila mtu anajua limetoka wapi." Mama hakumjibu upesi. Nguo zote zilikuwa zimetoka kwenye jora moja, maua yale yale ya bluu juu ya weupe, na ukisimama sokoni Januari ungeweza kuhesabu watoto wa fungu la maskini mmoja baada ya mwingine bila kumuuliza mtu.

Mwaka uliofuata jora lilipotoka, mama alilifunga kwenye khanga akaenda nalo kwa mafundi waliokuwa wakishonea barazani karibu na Soko Kuu. Akawaomba wabadilishane: dhiraa mbili hapa, dhiraa tatu pale, yeye anatoa maua ya bluu, wao wanatoa walichonacho. Kitambaa kilikuwa adimu kiasi kwamba fundi yeyote angefurahi kuongezewa aina nyingine dukani kwake. Alirudi na mafungu ya rangi zisizofanana. Kazi ya kukata ikawa ngumu maradufu, maana kila kipande kilikuwa na ukubwa wake, lakini Krismasi ile watoto wetu walichanganyika na watoto wa wengine na hukuweza kuwachambua. Siku nyingi baadaye nilikuja kuelewa kwamba pale ndipo jambo lote lilipoanza kugeuka, na aliyeligeuza ni yule mjane aliyethubutu kusema baada ya kushukuru.

Mitumba ilimalizia kazi hiyo. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 milango ikafunguka zaidi. Belo zikaanza kumwagwa chini sokoni. Watu wengi wenye elimu yao wamelaumu mitumba, kwamba iliua viwanda vyetu vya nguo, na hoja yao ina uzito. Mimi nilikiona pia kitu kingine. Katika belo la mitumba hakuna nguo mbili zinazofanana. Mtoto wa mbunge na mtoto wa mbeba mizigo wangeweza kuvaa mashati yaliyotoka belo moja na asijue mtu nani kanunua na nani kapewa. Mama aliiacha cherehani ya Krismasi bila majonzi. Alibakiza kazi ya kuchagua, kufua, kupiga pasi ya mkaa na kushona vifungo vilivyopungua, na kwa pasi alikuwa mkali: nguo ya zawadi isitoke na mkunjo wa belo.

Viatu vilikuwa kisa chake. Mji wetu ulikuwa na kiwanda kikubwa cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na sehemu kubwa ya hizo ziuzwe nje ya nchi. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Katika miaka yake yote hiyo sikumbuki Krismasi ambayo tuliwapa watoto viatu vipya vya Morogoro. Watoto wa mji wa kiwanda cha viatu walikwenda misa ya Noeli kwa kandambili, kwa katambuga za mpira wa gari, na wengine kwa nyayo zao. Baba mmoja wa jumuiya yetu alifanya kazi pale. Alikuwa akieleza jinsi jengo lilivyokuwa na joto kwa sababu lilijengwa bila kufikiria jua letu, na jinsi mashine zilivyokaa kungoja vipuri. Kiwanda kilipofungwa, yeye ambaye kila Majilio alitia kapuni kilo ya sukari, akaacha kutia, na mwaka wa tatu majina ya watoto wake yakaingia kwenye daftari.

Hilo lilikuwa jambo jipya. Katika miaka ya 1980 wote tulikuwa na dhiki, lakini aliyekuwa akipewa alikuwa mjane, yatima, mgonjwa, mtu ambaye shida yake ilikuwa na jina. Miaka ya 1990 ilileta watu wazima wenye afya, wenye ufundi mikononi, waliopunguzwa kazini. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma iliundwa mwaka 1992, na mji wa viwanda kama wetu uliisikia kila hatua yake. Baba aliyezoea kusimama upande wa wanaotoa hawezi kusimama uwanjani kungoja jina la mwanawe lisomwe. Wengine walikataa katakata kuandikwa. Wengine waliwatuma watoto na bibi zao, wao wakakaa ndani. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa akisema ni kiburi. Mama alikuwa akisema siyo kiburi, na walibishana juu ya hilo miaka mingi, wakipendana.

Kisha mwezi wa Ramadhani ukaja Desemba.

Kalenda ya mwezi hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na kuanzia 1998 hadi 2000, miaka mitatu mfululizo, Krismasi iliangukia ndani ya mfungo. Mji Mpya ni mtaa wa watu wa dini zote. Daftari la jumuiya halikuwa la Wakristo peke yao tangu mwanzo; jirani ni jirani, na katika nyumba zilizopoteza kazi kulikuwa na Waislamu wengi, nao kila Idi walitukumbuka kwa pilau na visheti. Lakini sasa kulikuwa na ugumu. Utamwitaje mtoto wa Kiislamu uwanjani kwa kanisa mchana wa Ramadhani, umpe soda na maandazi mbele ya wenzake? Na mzazi wake utamweka wapi?

Mama alikwenda kumuuliza bibi mmoja wa nyumba ya pili kutoka kwetu, Mluguru wa Matombo, aliyefunga na kuswali na aliyeheshimiwa na wote. Nilikuwa naye siku hiyo. Bibi alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu, mbona ni jambo dogo. Njooni magharibi. Watu wakishafuturu, milango iko wazi, na giza limeshaingia." Basi.

Tulikwenda magharibi. Wanawake wachache na vijana wawili wa kubeba, bila daftari mkononi, mafungu yamefungwa kwenye khanga kama mtu anayepeleka chakula kwa ndugu. Na kwa kuwa tulikuwa tukizunguka jioni kwa ajili ya nyumba za Waislamu, haikuwa na maana kuwaita Wakristo uwanjani mchana, tukawapitia wote. Pia siku ikasogea. Hatukuweza kusubiri tarehe 26, kwa sababu katika usiku wa sikukuu na unaofuata waumini wetu wenyewe wangekuwa na wageni, kwa hiyo tukaanza tarehe 22 na kumaliza mkesha haujafika.

Yaliyotokea hapo hatukuyapanga. Tulipobisha hodi, mara nyingi watoto walikuwa wamelala au wako msikitini kwa tarawehe au wanacheza nje. Aliyetupokea ni mama. Fungu likaingia mkononi mwake, si mkononi mwa mtoto. Tukasalimiana, tukaulizana hali, tukaondoka. Asubuhi ya Krismasi mtoto aliamka akakuta shati limetundikwa msumarini, na aliyemwambia "vaa" ni mama yake. Hakuna aliyemwambia mtoto limetoka wapi isipokuwa mama huyo atake mwenyewe. Yule baba wa kiwanda cha viatu, ambaye mwaka uliotangulia alijifungia ndani, alitufungulia mlango yeye mwenyewe, akatupa viti.

Mwaka 2000 mwezi wa Idi uliandama siku mbili tatu tu baada ya Krismasi. Bibi wa Matombo alituletea sinia la pilau lililofunikwa kawa, na watoto wa mtaa walivaa nguo zao mpya juma zima, sikukuu mbili kwa nguo moja. Mwaka uliofuata Ramadhani ilimalizika katikati ya Desemba, na mwenyekiti akauliza kama sasa turudi uwanjani. Hakuna aliyetaka kurudi. Tumebaki na magharibi hadi leo, na vijana wanaojiunga sasa hudhani ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za wamisionari.

Katika miaka ile ile maboksi ya zawadi kutoka ng'ambo yalianza kuonekana hapa na pale, yaliyofungwa na watoto wa Ulaya na Marekani kwa mikono yao: kalamu za rangi, miswaki, magari madogo, mara nyingine glavu za sufu. Sina neno baya juu ya mtoto wa nchi ya baridi aliyemfikiria mwenzake asiyemjua akamwekea glavu. Niliona tu kwamba boksi lile lilimruka mama. Lilitoka kwa mtoto wa mbali likaenda kwa mtoto wa hapa, na mzazi akasimama pembeni kama mgeni nyumbani kwake.

Simu zilipoingia, mambo yalikwenda mbio. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na watoto wa jumuiya waliokuwa wamehamia Dar es Salaam, Mwanza na hata nje ya nchi wakaanza kuchangia bila kusubiri kuja likizo. Zamani mchango uliwategemea walioko; sasa uliwafikia waliotawanyika. Kundi la WhatsApp likaundwa, na kila Novemba mhazini anaandika majina na kiasi, kila mtu anaona. Kapu la altareni lipo bado, nami nalipenda, lakini sehemu kubwa ya fedha sasa inapita hewani.

Pamoja na fedha zikaja picha. Mtu aliyetuma shilingi zake kutoka mbali anataka kuona zimefanya nini, na haki yake siipingi. Lakini picha anayoitaka ni ya mtoto. Kundi moja la wafadhili, ambalo sitalitaja, liliahidi kutununulia mahitaji ya nyumba zote za mwaka ule kwa sharti kwamba watoto wapangwe nyuma ya bango lenye jina lao. Tulikaa kikao kirefu. Vijana walisema tukubali, mwaka ni mgumu, picha haiumi. Mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshaacha uongozi na alikuja kwa kuongozwa mkono, aliwasimulia habari za jora la maua ya bluu. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Alipomaliza, katibu akaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba hatutapiga picha za watoto wala za wazazi wanapopokea, na kwamba wachangiaji watatumiwa risiti za manunuzi na picha za bidhaa zikiwa mezani. Msaada wa kundi lile haukuja. Tulipunguza mchele, tukaendelea.

Mara nyingi nimeulizwa na wachangiaji wapya tunahakikishaje kwamba aliyeandikwa ndiye mhitaji, ikiwa orodha haisomwi hadharani. Ni swali zuri. TASAF, katika mpango wake wa kunusuru kaya maskini, huwatambua walengwa kwenye mkutano wa wananchi, watu wote wakisikia, na naona ni sawa, kwa sababu ile ni fedha ya umma na giza lingezaa upendeleo. Zawadi ya Krismasi ni jambo jingine. Sisi tuna watu watatu wanaojua orodha, wanabadilishwa kila baada ya miaka miwili, na daima mmoja wao si Mkatoliki. Anayemjua mhitaji kuliko wote ni mwenye genge la mtaa, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani ameanza kununua unga wa robo kilo. Mwenye genge hatuulizi maswali mengi. Anasema tu, "Mpitieni na fulani."

Yaliyomo kwenye fungu nayo yamebadilika, na mabadiliko hayo yalitokana na Januari. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu bila malipo ikafika hadi kidato cha nne. Ni jambo kubwa. Nimewaona watoto wengi walioingia darasani kwa sababu yake. Lakini sare hainunuliwi na serikali, wala daftari, wala viatu vyeusi. Mzazi aliyejikaza akamnunulia mwanawe nguo ya sikukuu Desemba alikuwa anajikuta siku chache baadaye hana cha sare. Akina mama walituambia wenyewe, na safari hii hawakuhitaji kutuomba tusiwachukie. Mkishatupa mlango wa kusema, walisema, tutasema. Sasa fungu lina daftari, kalamu, soksi, kipande cha kitambaa cha sare kwa rangi ya shule anayosoma mtoto. Tukaweka kanuni moja ambayo nimeipigania kila mwaka: lazima kuwe na kitu kimoja kisicho na faida yoyote. Mpira, kamba ya kuruka, vibanio vya nywele, pipi. Mtoto maskini anastahili kupewa kitu cha kuchezea tu, bila kuambiwa kitamsaidia maishani. Wapo wanaoona ni ubadhirifu. Sijawahi kukubaliana nao na sitarajii kukubaliana.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100, wakiwemo vijana wa bodaboda tuliowajua kwa sauti za pikipiki zao. Sitaeleza zaidi ya hapo. Kila mtu wa Morogoro ana simulizi yake ya siku ile, na nyingine hazisimuliki. Ilipofika Desemba, simu zilipigwa kutoka kila upande wa nchi. Watu walitaka kuwapa zawadi watoto wa Msamvu. Nia ilikuwa njema na mioyo ilikuwa imejaa. Lakini mtoto aliyempoteza baba yake Agosti alikuwa amekwisha kupigwa picha nyingi kuliko ambazo mtu mzima angeweza kuvumilia, na tayari mitaani walikuwa wakimwita kwa jina la ajali. Tulilokubaliana ni kwamba katika orodha yetu hakutakuwa na fungu la Msamvu. Nyumba hizo ziliingia pamoja na nyingine zote, zikapitiwa magharibi ile ile, kwa mafungu yale yale. Wachangiaji wachache hawakuridhika, wakapeleka fedha kwingine. Wengi walielewa. Katika nyumba moja mke wa marehemu alituuliza kwa wasiwasi kama tumekuja na kamera, na aliposikia hapana, akatuambia tuingie tukae.

Miaka miwili mitatu hii mjadala wetu umekuwa juu ya jambo ambalo mama hakulifikiria, ingawa naamini lilikuwa tayari ndani ya alichokifanya. Kama zawadi inapita mkononi mwa mzazi, na kama fedha inaweza kumfikia kwenye simu yake kwa dakika moja, kwa nini tumchagulie rangi ya soksi? Kwa nini asitumiwe fedha akaenda sokoni mwenyewe? Vijana ndio walioanzisha hoja, na wakubwa wengi waliikataa. Walisema fedha haina sura ya Krismasi, na wakasema kwamba furaha ya kununua, kufunga mafungu usiku na kubisha hodi itakufa, na furaha hiyo ndiyo inayowaleta watu kujitolea. Hilo la mwisho ni kweli kabisa. Kufunga mafungu ni jioni tamu kuliko zote za mwaka wetu, watu wanaimba, chai inazunguka. Na upo ukweli mwingine, mgumu zaidi: si kila nyumba fedha ikiingia inafika kwa mtoto, na simu mara nyingine iko mfukoni mwa mtu mwingine.

Mimi nilisimama na vijana. Tuliamua kujaribu nusu: kwa nyumba ambazo mama ana laini yake mwenyewe, fedha inatumwa wiki mbili kabla, kwa nyingine fungu linaendelea kama kawaida. Kitu kimoja cha kuchezea kinapelekwa kwa wote. Na magharibi bado tunazunguka, hata kwenye nyumba zilizokwisha kutumiwa. Mwanzoni tuliona aibu kufika karibu mikono mitupu. Mwaka jana kule Chamwino mwenye nyumba mmoja alitukaribisha chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, akaingia ndani akatoka na viatu viwili vya shule alivyovinunua mwenyewe. Akavipiga soli kwa kidole tusikie ugumu wake, akatutajia bei aliyoanza kutajiwa na bei aliyoishia, na jinsi alivyoondoka mara mbili muuzaji akamwita arudi.